Kiwanda cha Soseji cha Mlango Wazi

Habari za kifo chake nilizipata asubuhi kwenye kundi la simu la watu wa mtaa wetu hapa Bagamoyo, zikiwa zimebanwa kati ya tangazo la mbuzi aliyepotea na mtu aliyekuwa akiuliza kama maji yametoka. "Mama wa soseji ametutoka alfajiri hii." Basi, hakuna zaidi. Nilisoma mara mbili, nikaweka simu mezani, kisha nikafanya jambo lisilo na maana yoyote: nikafungua friji. Pakiti yake ilikuwa pale, imeliwa nusu. Sikulia. Niliudhika, kama mtu aliyeachwa peke yake katikati ya mabishano. Ninyi mnaonisoma kila wiki mnajua kwamba siandiki maombolezo. Nimeshasema hapa kuwa hotuba nyingi za misibani ni uongo unaosemwa kwa upole, na sijabadili mawazo. Naandika safari hii kwa sababu kuna hotuba moja ya msiba huu ambayo siwezi kuiacha ipite hivi hivi.

Baada ya mazishi, tulipokuwa tumekaa chini ya turubai tukisubiri chakula, kipaza sauti alipewa mgeni mmoja kutoka Dar es Salaam, mnunuzi wa bidhaa za maduka makubwa ya huko. Nadhani alipewa kwa kuwa gari lake lilikuwa jipya kuliko yote yaliyoegeshwa pale. Sababu nyingine sikuiona. Akamsifu marehemu kuwa mchapakazi, mcha Mungu, mama wa wote. Kisha akashusha sauti kama daktari anayetoa majibu mabaya. "Lakini ndugu zangu, tuseme ukweli. Mama yetu alikosa elimu ya biashara. Angeipata, soseji hizi leo zingekuwa kila mkoa." Watu wakaitikia kwa vichwa. Wengine wakapiga makofi, msibani! Mimi sikupiga. Nilikuwepo siku ile soseji zile ziliposhindwa kufika kila mkoa, na kwa kiasi fulani mimi ndiye niliyesababisha. Kwa hiyo nina haki ya kumjibu, na namjibu hapa kwa sababu adabu zetu haziruhusu watu kujibizana mbele ya kaburi ambalo udongo wake bado ni mbichi.

Tuanze na kampuni yenyewe. Mama yule alikuja Bagamoyo na mumewe, mwalimu wa shule ya msingi aliyehamishiwa huku kutoka bara, watu wa misa kila Jumapili. Akapata kazi ya jikoni katika hoteli moja ya watalii, na huko ndiko alikojifunza kutengeneza soseji. Alipoacha kazi alinunua mashine ya mkono ya kusagia nyama akaifunga kwenye meza ya sebuleni. Mume akazungusha, yeye akajaza nyama kwenye utumbo mwembamba wa mbuzi, watoto wakafunga kwa uzi. Nyama aliichukua kwa mzee mmoja wa Mji Mkongwe wa hapahapa Bagamoyo, mwenye bucha, Mwislamu wa ukoo ambao umechinja na kuuza nyama hapa vizazi na vizazi. Tatizo likawa wateja. Kwa wenyeji, soseji ilikuwa chakula cha wageni wa hotelini, na chakula cha wageni wa hotelini kilihesabiwa kuwa kitimoto, nyama ya nguruwe, mpaka mtu athibitishe vingine. Mama alipolalamika, yule mzee wa bucha alimwambia jambo ambalo lilisimuliwa na kila mtu aliyefanya kazi pale. "Mama, mimi nikitundika paja la ng'ombe, hata kipofu akilishika anajua ni ng'ombe. Wewe unasaga, unaficha ndani ya utumbo, halafu unatuambia tukuamini. Nyama ikishasagwa haina sura." Mama akauliza, "Sasa nifanyeje, mzee wangu?" Mzee akajibu, "Fungua mlango tuone."

Akaufungua. Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi mtu yeyote aliweza kuingia na kusimama mpaka achoke. Mzee wa bucha alileta nyama, akaikata mezani mbele ya watu. Utumbo wa mbuzi aliowachinja mwenyewe uligeuzwa, ukaparwa, ukaoshwa kwa ndimu na chumvi, mbele ya watu. Pilipili manga, kitunguu saumu na kungumanga vilitwangwa mbele ya watu. Mkunjo wa kwanza wa soseji ulikaangwa mlangoni, mama akala kipande, kisha akawapa waliosimama. Hakuna aliyemlazimisha, wala hakuna afisa aliyempa fomu. Watu wakaanza kununua, kwanza wenye vibanda vya chipsi, halafu akina mama wa Mji Mkongwe wenyewe, wale wasiokula hata mkate wasioujua. Sebule ikawa ndogo, wakahamia banda la uani. Banda likawa dogo, wakajenga jengo la kweli kwenye njia ya Makurunge, lenye vigae na vyumba vya baridi. Ng'ombe wakawa wanatoka minada ya Miono, na gari la kampuni likawa linafika Kiwangwa mpaka Chalinze. Katika kukua kote huko jengo jipya liliwekewa mlango mkubwa mbele, na Jumamosi haikuguswa.

Mimi nilimjua nilipomaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani na shahada ya sosholojia, bila kazi, nikiwa na mdomo mrefu kuliko shahada yenyewe. Nilisikia sifa za Jumamosi nikazishuku. Kitu kinachofanywa mbele ya watu, nilijiambia, ni mchezo wa kuigiza. Nikaenda. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Umekuja kula au kutazama?" "Nimekuja kuuliza." "Haya, uliza huku unakula, soseji ikipoa inakuwa mpira." Nilikula mbili, ndipo nikauliza: "Mama, hii ya Jumamosi tumeiona. Ya Jumanne anaiona nani?" Wanawake waliokuwa wakiosha utumbo waliacha mikono ndani ya beseni. Yeye hata hakugeuka. "Jumanne njoo wewe," akasema. Jumanne nikaenda, bila kutangulia kupiga simu, nikakuta nyama ileile, ndimu zilezile, mzee wa bucha yuleyule akiwa na kisu chake. "Umeridhika?" akaniuliza. Nikamwambia, "Kwa Jumanne hii." Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Huyu binti atakosa mume kwa maswali!" Mwanamke mmoja penye beseni akadakia, "Akimpata, mama, atamdai risiti." Ndivyo tulivyofahamiana. Sitasema tulikuwa marafiki, maana alikuwa na umri wa mama yangu na hakuwa na muda wa urafiki. Lakini nilikuwa napita, naye alikuwa anaacha nipite.

Sasa nije kwa siku yenyewe. Mnunuzi wa Dar, huyuhuyu wa kipaza sauti, alikuwa amekubali kuchukua soseji kwa ajili ya maduka makubwa, kwa sharti kwamba zifike nyingi na kwa wakati, kila wiki. Kikwazo kilikuwa utumbo. Kuosha utumbo wa mbuzi hakuharakishwi. Ukiharakisha unapasuka, au unabaki na harufu. Mwana wa kiume wa mama, aliyesomea ufundi wa mitambo na ndiye aliyeendesha kiwanda pamoja naye, akatafuta njia. Akaleta mashine mpya ya kujazia, na maboksi ya ngozi za soseji zilizotengenezwa tayari, nyeupe, zimepangwa kama mirija, hazihitaji kuoshwa. Kwanza akajaribu kwa siku mbili, na soseji za majaribio zikaenda kwenye maduka ya hapahapa mjini. Zilinunuliwa kama kawaida. Jumamosi akaiwasha mashine mbele ya watu, na kwa kweli ilipendeza kuitazama. Soseji zilitoka zikiwa sawasawa, moja baada ya nyingine, watu wakashangilia. Mimi nilikuwa nimeshika boksi. Nilisoma pande zote sita. Nikauliza, kama ninavyouliza kila kitu, "Hii ngozi ni ya mnyama gani?"

"Ni kolajeni," kijana akasema.

"Kolajeni ya nani?"

Watu wakacheka. Akacheka naye. "Dada, kolajeni ni kolajeni. Ya kiwandani."

"Kiwandani wanaitoa kwenye mnyama. Mnyama gani?"

Akachukua boksi, akaligeuza, akaligeuza tena. Kicheko kikaisha chenyewe. Boksi lilisema ni ya kuliwa, lilisema itunzwe mahali pakavu, na halikusema zaidi. Mzee wa bucha alikuwa amesimama penye meza yake. Akafuta kisu kwa kitambaa, akakifunga, akasema bila kupandisha sauti, "Mama, mimi nimechinja ng'ombe. Hilo vazi mlilomvalisha sikulichinja." Mama akanyoosha mkono akazima mashine. Akampigia aliyewauzia maboksi, akaweka spika, sote tukasikia. Yule bwana alikuwa mchangamfu sana. "Mama, hiyo ni mali safi, wenzako wote wanaichukua." "Sikuulizi usafi. Ni ya mnyama gani?" "Nadhani ng'ombe." "Unadhani au unajua?" "Mama, kama shida ni wateja, nitakutafutia cheti cha halali." Mama akauliza, "Cheti cha mnyama usiyemjua?" Akakata simu. Soseji zote za siku ile, na zile za ngozi hizohizo zilizokuwa kwenye chumba cha baridi zikisubiri gari la Dar, zilifukiwa kwenye shimo nyuma ya jengo. Mwanawe alimsihi mbele yetu. Alimwambia angalau za Dar ziende, huko hakuna anayeuliza. Alijibiwa neno moja: "Chimba."

Wengi wetu tungeishia hapo na kujisifu. Lakini zilibaki zile za majaribio, zilizokwisha kuliwa. Jumapili ile mama hakwenda misani. Alimwendea mzee wa bucha akamwomba awaambie watu kwa niaba yake, kwa kuwa mzee ni wa kwao. Mzee akakataa. "Kosa si langu, mama. Kaseme mwenyewe, na mimi nitasimama karibu." Basi akaenda sokoni, mchana, amejifunga khanga, akapita duka kwa duka akikusanya pakiti zilizobaki, kisha akasimama kwenye uwazi karibu na wakaanga samaki akasema kwa sauti, "Jamani, nimewalisha kitu nisichokijua. Nyama ni ya ng'ombe, ya mzee huyu. Ngozi ya juu sijui ni ya mnyama gani. Niliinunua bila kuuliza."

Mkaanga samaki mmoja akaweka mwiko chini. "Kwa hiyo tumekula nguruwe, mama?"

"Sijui. Ningejua ningekwambia."

"Hujui! Na matumbo yetu tuyafanyeje, tuyarudishe dukani kwako kama pakiti?"

Watu walicheka, cheko la hasira. Mwingine akapaza sauti kwamba ndivyo walivyo watu wa bara, ukiwapa kiti wanataka kitanda. Nilimtazama mama yule nikitegemea atalia au atajitetea, ataje mwanawe, ataje mwenye maboksi, aseme ni siku mbili tu. Hakumtaja mtu. Alisimama mpaka kila mwenye neno akalisema, kwa muda mrefu, jua likiwa kichwani. Mwisho bibi mmoja wa Mji Mkongwe akamwambia, "Kwa tulichokula bila kujua Mungu atatusamehe. Wewe sasa umelijua kosa lako, usirudie." Hakuwa amemsamehe, maana baada ya hapo bibi yule hakununua tena mpaka nilipoacha kuhesabu miezi.

Na hapa ndipo watoa hotuba wanapotaka hadithi ipinde kuelekea kwenye neema. Haikupinda. Maduka ya Dar yalivunja mpango. Mnunuzi alisema kampuni isiyo na uhakika wa mzigo hawezi kwenda nayo. Mashine mpya ikafunikwa turubai. Mwanawe akahama nyumbani kwa hasira akakaa Dar muda mrefu. Nusu ya mji waliacha kununua, na baadhi yao hawajarudi mpaka leo. Ngozi zile zilikuwa za mnyama gani, mpaka leo hatujui. Jumamosi zilizofuata mlango ulikuwa wazi kama kawaida, ila ndani tulikuwa mama, wanawake wa beseni, mzee wa bucha na mimi. Hata mimi alinipokea kwa baridi. "Ulikuwa unajua?" "Hapana, mama. Niliuliza tu." "Ungeniita pembeni." Nikamjibu kwa kiburi cha chuo kikuu, "Mlango si ulikuwa wazi?" Nilidhani atanifukuza. "Haya," akasema, "shika ndimu." Nikaosha utumbo asubuhi nzima, nikaupasua mwingi kuliko niliousafisha, huku wanawake wa beseni wakiniuliza kama sosholojia haina somo la matumbo. Nilipokuwa nanawa ili niondoke, akaja akasimama karibu yangu. "Binti, wewe ulifanya kazi nzuri siku ile. Lakini ngoja nikuulize na mimi leo. Wewe uliuliza ukaenda zako nyumbani kula. Mimi nilijibu. Kazi ipi ilikuwa nzito?"

Nimelifikiria swali hilo tangu siku ile. Chuoni tulifundishwa kwamba jamii inaamshwa na wanaouliza. Tulijiona hodari sana, tukimhoji kila mtu, tukiondoka na shahada zetu. Hakuna aliyetufundisha kwamba swali, lenyewe, halimgharimu anayeliuliza kitu kikubwa. Aliyebaki na gharama ni mwenye jengo, mwenye wafanyakazi, mwenye mtoto aliyehama kwa hasira, ambaye angeweza kusema "ni ng'ombe" na mji mzima ungemwamini. Nani angepinga? Nisingeweza hata mimi. Uongo ule ungekuwa mfupi, wenye adabu, na ungeiokoa kampuni. Na nawaambia ukweli, ndivyo wangefanya wengi wa wale waliokuwa wakiitikia kwa vichwa chini ya turubai. Tumezoea vitu vilivyofungwa. Dawa tunapewa zimefungwa, mbegu zimefungwa, na miradi inatufikia ikiwa imeshaamuliwa na watu wasiokuwepo, sisi tukibaki kupiga picha na bango. Ukiuliza ndani kuna nini unaambiwa umekosa shukrani, au kama mimi, utakosa mume.

Kwa hiyo namjibu yule mgeni. Bwana, marehemu hakukosa elimu ya biashara. Alijua hesabu ya kile alichokuwa anakifukia kuliko wewe na mimi. Aliijua, akachimba. Unasema kampuni ilibaki ndogo. Ilibaki ndogo kwa sababu aliyeianzisha alikataa kuuza kitu ambacho hawezi kukieleza, na wewe ukamwadhibu kwa kukataa huko, kisha ukaja kulia kwenye mazishi yake na kuuita ujinga. Wala msinielewe vibaya: siutetei utumbo wa mbuzi. Hauna utakatifu, nimeuosha najua. Ikija ngozi ya boksi ambayo mtu anaweza kusimama sokoni akasema imetoka wapi, ni ya mnyama gani na nani kamchinja, iletwe, wanawake wa beseni wapumzishe migongo. Ninachokitetea ni jibu.

Nasema hivi kwa sababu jambo halijaisha. Siku ya tatu ya matanga, mwanawe, ambaye alirudi kiwandani miaka ile mama alipoanza kuchoka, aliniita kando. "Dada, yule mgeni anataka kununua jina na jengo. Anasema siku hizi maboksi yana kila kitu kimeandikwa." Nikamuuliza, "Na wewe umemwambiaje?" "Nimemwambia aje Jumamosi, alete boksi, aeleze mbele ya watu." "Akasemaje?" "Kasema hilo ni jambo la ofisini." Kijana huyu ndiye aliyewahi kusema kwamba Dar hakuna anayeuliza. Sitampangia, ana ndugu zake, ana wafanyakazi, na kukataa ni rahisi kwangu mimi nisiyelipa mshahara wa mtu.

Lakini yeyote atakayekuwa na funguo za jengo lile, awe mtoto wa marehemu au mgeni mwenye gari jipya, ajue kwamba hapa hatutamuuliza amefika mikoa mingapi. Tutamuuliza ni nyama gani, ni ngozi gani, na nani kachinja. Akijua, atuambie. Asipojua, asitutafutie cheti. Azime mashine.